Maua ya Keshavji Katika Mchanga wa Manonga

Tinde ilikuwa na watu wengi wenye hasira, lakini hakuna aliyeitunza hasira yake vizuri kama Jamnaben. Wengine hukasirika, wakalala, wakaamka wamesahau. Yeye alilala nayo, akaamka nayo, akainywa na chai. Madereva wa malori ya Isaka walilijua hilo, na wanawake wa vijijini waliokuja kununua kanga walijua kwamba ukimkuta anapanga makopo ya mafuta kwa kishindo, unanunua kilichokuleta na kwenda zako. Watu walimwita Mama Harshadi, kwa jina la mwanawe wa pekee. Tangu mwaka 1972 mpaka alipofariki mwaka 1984, jina hilo lilimkera kila lilipotajwa, lakini hakulikataa. Alisema mtu aliyezaa hawezi kujifanya hakuzaa.

Aliletwa Tinde mwaka 1947, bibi harusi wa miaka kumi na saba, kutoka kijiji kimoja cha Gujarati chenye vumbi jingi kama la Shinyanga. Mumewe, Keshavji, alikuwa na duka mbele, nyumba nyuma, na upole uliozidi kiasi. Jamnaben alimgombeza kwa miaka ishirini na mitano, naye kila alipogombezwa aliwasha redio. Kiswahili alijifunza kaunta, Kisukuma akajifunza kwa akina mama waliokaa barazani wakisubiri mvua ipite. Hasira zikimpanda kweli aliacha lugha zote akashika Kisukuma, maana hicho, alisema, ndicho chenye maneno ya kutosha.

Kitu kimoja tu kilimnyamazisha. Kwenye rafu ya miungu, katika chumba cha nyuma, palikuwa na chungu kidogo cha shaba ambacho mdomo wake ulizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Ndani yake mlikuwa na maji ya Ganga.

Kwa Wahindu Ganga ni mto, lakini hawausemi kama mto. Wanamwita mama. Wanasimulia kwamba zamani alitiririka mbinguni tu, akaombwa ashuke duniani kwa ajili ya wafu: wana wa mfalme mmoja, elfu sitini, waliungua wakawa majivu, na hawakupata amani mpaka maji yake yalipowapitia. Kwa hiyo hata leo Mhindu akifa na mwili wake ukachomwa, vipande vya mifupa vinavyobaki huokotwa, vikaoshwa kwa maziwa, vikatiwa katika chungu na kufungwa kitambaa chekundu. Haviitwi mifupa. Vinaitwa maua. Mwana mkubwa huvipeleka mtoni, maji yanayokwenda yavichukue. Na anayekata roho hutiwa tone la Ganga mdomoni, ndiyo maana kila nyumba hujitahidi kuwa na akiba yake. Tena wanasema tone hilohilo likidondoka katika maji mengine yoyote, maji hayo nayo ni Ganga. Ni imani nzuri. Ikiangukia mikononi mwa mvivu, huharibika kama kitu kingine chochote.

Mwaka 1964 Keshavji na mkewe walikwenda Haridwar, mji ambako Ganga hutoka milimani. Keshavji, mtu aliyeishi mahali ambapo maji hutolewa mchangani kwa kibuyu, alisimama katika mto ule mpaka kiunoni akalia machozi mbele ya watu. Jamnaben aliona aibu, akamwambia atoke, atashikwa na mafua. Hakutoka.

"Jamna," alisema, "maua yangu yaletwe kwenye maji yanayokwenda. Nisiachwe nchi kavu."

Hakuomba kitu kingine maisha yake yote. Chungu cha shaba kilijazwa siku hiyo, kikazibwa hapohapo.

Alikufa mwezi wa nane mwaka 1972, wakati ambao huko Shinyanga hata kivuli ni kikavu. Jamnaben hakuwahi kumtia tone mdomoni, kwani moyo ulimsimama ghafla akiwa kaunta anapima sukari. Alichomwa Shinyanga mjini, maua yake yakaletwa Tinde, na kwa kuwa chungu cha maua hakiingizwi ndani ya nyumba, kilitundikwa kwenye mwarobaini uani. Harshad, mwanawe, akaahidi mbele ya watu wote waliokuja kuhani kwamba atakifikisha Haridwar kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa mtazame huyo Harshad. Nyumba za kupangisha za mijini zilikuwa zimetaifishwa mwaka uliotangulia, na mwezi huohuo habari za Kampala zilikuwa zimefika, kwamba Wahindi wa Uganda wanafukuzwa. Wahindi wengi wa mkoa walianza kufunga mizigo, na Harshad akafunga kuliko wote. Alikuwa na pasipoti ya Kiingereza, mke mwoga, na tiketi tatu za ndege, moja ikiwa ya mama yake. Ndege ilikuwa ya London. Haikupita India hata kwa mbali.

Jioni moja Jamnaben alitoka uani akaona mwarobaini hauna kitu. Akaingia chumba cha nyuma, akaona rafu ya miungu ina alama ya duara kwenye vumbi, mahali chungu cha shaba kilipokuwa. Harshad alikuwa sebuleni anafunga sanduku kwa kamba.

"Baba yako yuko wapi?" akamuuliza.

"Ba," alisema Harshad, maana ndivyo alivyomwita mama yake, "jambo la baba limekwisha. Nimeyatia maua mtoni. Manonga, pale darajani."

"Manonga haina maji."

"Yalikuwepo. Kulikuwa na shimo katikati ya mchanga, lina maji, nimeyaona kwa macho yangu. Nikatia maua, nikavunja ile risasi, nikamimina Ganga juu yake. Si mnasema wenyewe tone moja linatosha? Mimi nimemwaga chungu kizima. Sasa pale ni Ganga tupu."

Jamnaben alikaa juu ya gunia la mchele. Alimsikia mwanawe akieleza kwamba uwanja wa ndege chungu kingefunguliwa, wangedhani wameficha dhahabu ya Geita ndani, wangewashusha. Alimsikia akisema mto ni mto. Aliyasikia yote, na hakuna lililomgusa ila moja, kwamba Keshavji ameachwa kwenye shimo, katikati ya mchanga, katika mto usiokwenda popote.

"Na mimi?" akasema hatimaye. "Nikikata roho nitatiwa nini mdomoni?"

"London kuna kila kitu, Ba."

Alimrushia kopo. Halikumpata, na mpaka mwisho wa maisha yake alisikitika kwamba halikumpata.

Asubuhi iliyofuata Mbuke hakuleta maji. Mbuke alikuwa Msukuma, mwanamke mrefu wa makamo, na tangu Harshad akiwa mtoto wa kutambaa ndiye aliyeiletea nyumba ile maji kutoka Manonga, debe kichwani, asubuhi na jioni. Siku hiyo alikuja bila debe, na kundi la wanawake nyuma yake. Alikuwa ameshika kitenge kilichokunjwa. Akakikunjua kwenye kaunta. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe na kitambaa chekundu kilicholowa.

"Mwangaluka, mayu," akasema Mbuke, kwa sababu salamu ni salamu hata siku ya balaa. "Duka lako liko barabarani, unaona kila anayepita. Jana nani alishuka mtoni? Tumekuta mifupa ya mtu kwenye kisima chetu. Watoto wameshakunywa."

"Ni Nyamizi," akasema mwanamke mwingine. "Nani tena? Anaishi peke yake ukingoni pale, macho mekundu. Vijana wameshakwenda kwake."

Nyamizi alikuwa kikongwe, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kuni za maskini wote wa nchi ile. Kila mtu alijua sababu hiyo. Na kila mtu alijua pia kwamba wazee wa namna yake walikuwa wakiuawa kwa macho hayohayo, yakidaiwa ni ya wachawi.

Harshad alitokeza mlangoni, akaona kitambaa chekundu, uso ukamshuka. Akamwinamia mama yake na kusema kwa Kigujarati, "Nyamaza, Ba. Keshokutwa hatupo."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Jamnaben, na hakikuungwa tena. Kumtupa baba yake shimoni kulikuwa uvivu, na mama huweza kuuzoea uvivu wa mwanawe. Hili la pili lilikuwa jingine. Alikuwa tayari bibi wa watu apigwe mapanga, ili yeye afunge sanduku lake kwa utulivu. Na alilisema kwa sauti ndogo, ya adabu, kama mtu anayemkumbusha mama yake kufunga dirisha.

Jamnaben alizunguka kaunta akatoka nje, miguu mitupu.

"Ni mume wangu," aliwaambia wanawake, kwa Kisukuma. "Hiyo ni mifupa ya Keshavji. Mwanangu ndiye aliyeitia. Nipelekeni kwa Nyamizi."

Walimkuta Nyamizi amekaa uani kwake na fimbo mapajani, na vijana wamekwisha kuvunja ua wake wa mabua. Jamnaben akaingia katikati yao na sari yake nyeupe ya ujane. Alichowaambia hakiandikiki. Aliwataja mama zao, na ng'ombe wao, na mahari watakayoikosa, akawaambia anayetaka kumpiga mtu kwa ajili ya mifupa ile aje dukani, mwenyewe yupo anafunga mizigo. Vijana wakatazamana. Mmoja akaanza kuusimamisha ua alioubomoa, wengine wakaondoka mmoja mmoja. Nyamizi aliuliza tu kama kuna mtu aliyemwona kuku wake.

Lakini jambo lilikuwa bado. Wanawake walishuka mpaka mtoni, na Jamnaben akashuka nao. Aliishi Tinde miaka ishirini na mitano na mto huo alikuwa ameuona kutoka darajani tu, akipita kwa gari. Hakuwahi kuukanyaga. Mchanga ulikuwa mpana kama barabara kumi, umejaa nyayo za ng'ombe, na katikati palikuwa na shimo lenye kina cha kifua cha mtu, maji yake yamekusanyika chini, machache, yana mng'ao wa majivu.

"Tunayakomba yote," akasema Mbuke. "Maji, mchanga, na mzee wako. Tunayamwaga kule ukingoni kwenye mikonge. Kisima kisafishwe."

"Hapana," akasema Jamnaben. "Asimwagwe nchi kavu."

Mbuke aliweka debe chini. Wanawake wengine wakasogea pembeni, maana walimjua.

"Unasema hapana?" akasema. "Mto huu wa nani? Miaka yote nimekubebea maji kutoka hapa. Shingo yangu inaniuma mpaka leo. Siku moja umeuliza yanachimbwaje? Nilikuwa nayaacha mlangoni, kwa sababu jikoni kwako siruhusiwi kufika. Nikigeuka nakuona unayachuja mara mbili kwa kitambaa, kana kwamba nimeyatemea mate. Haya, leo uchafu uliomo ni mume wako. Tuyachuje mara ngapi?"

Jamnaben alitafuta jibu kwa Kisukuma akakosa. Akatafuta kwa Kiswahili, akakosa pia. Alikuwa amekasirika tangu jana, na hasira yake ilikuwa ya haki, na sasa amesimama mbele ya hasira nyingine ya haki kuliko yake. Hilo lilimuudhi mno.

"Mzee alikuwa mtu mzuri," Mbuke akaendelea, sauti ikiwa imepungua kidogo. "Sina ugomvi naye. Lakini watu wanywe nini?"

"Nitachimba kingine."

Walicheka. Mama wa dukani, mikono ya kupimia dengu, achimbe kisima. Jamnaben alifunga sari kiunoni, akachukua nusu ya kibuyu kutoka kwa mwanamke aliyekuwa karibu, akapanda na mto mpaka mahali Mbuke alipomwonyesha kwa kidevu, akapiga magoti na kuanza kuchota mchanga.

Mchanga wa Manonga ni mwongo. Unatoa kibuyu kimoja, kando panaporomoka viwili. Alichota mpaka kucha zikamtoka damu. Jua lilipokuwa utosini Harshad alikuja na gari akasimama darajani.

"Ba," akaita, "watu wanakutazama."

"Waache."

"Nitamlipa mtu achimbe. Toka huko."

"Shuka uchimbe wewe."

Harshad alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya, vya safari. Wanawake wote wa mtaa walikuwa wamesimama pale, wakimtazama akitazama viatu. Kisha aliingia garini akageuza. Jamnaben aliendelea kuchota, na sasa alikuwa akilia, lakini asingekubali mtu aseme analia. Baadaye kidogo alisikia mchanga ukichotwa kando yake. Mbuke alikuwa ameingia shimoni, amempa mgongo, anachota haraka kama mtu anayetaka kumaliza kazi aende akapike.

"Usidhani nimekusamehe," akasema Mbuke.

"Sijaomba," akasema Jamnaben.

Maji yalipochuruzika, mekundu kwanza, kisha meupe, Mbuke alikinga kibuyu akampa. Jamnaben aliyanywa yalivyo, na mchanga wake. Kisha wakarudisha vipande vilivyokuwa kwenye kitenge katika shimo la zamani, wakalifukia juu, na kulizungushia miiba ili ng'ombe wasipite. Mbuke akasema mvua zikija mto utamchukua mzee wenyewe, na zisipokuja, basi wote watakuwa na shida kubwa kuliko hiyo.

Keshokutwa yake gari lilipakiwa. Harshad alikuja na tiketi mkononi na sauti ya kubembeleza.

"Utabaki na nani hapa, Ba?"

"Na baba yako. Hajaondoka."

"Watu watasema nimekutupa."

"Nenda, Harshad. Wewe kutupa unakujua."

Mke wake aliinama kumgusa miguu, naye akambariki, kwa kuwa msichana yule hakuwa na kosa. Harshad alipoinama aliivuta miguu yake chini ya kiti. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikosea, na kama yuko mtu anayedhani hivyo, asimame yeye siku moja mbele ya ua wa Nyamizi.

Akabaki. Kila jioni alifunga duka mapema, akashuka mtoni na mwavuli mweusi wa Keshavji kuangalia miiba. Aligombana na wachunga ng'ombe. Aligombana na dereva wa trekta aliyetaka mchanga wa kujengea, akakaa chini mbele ya gurudumu mpaka jamaa akaenda kuchota ng'ambo ya daraja. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukapita. Mawingu yalikuwa yakija kutoka Ziwa, yakatanda, yakatawanyika, naye akasimama uani kuyatukana. Asubuhi alikwenda na Mbuke kuteka maji, maana debe lake sasa alilibeba mwenyewe, vibaya, huku nusu yake ikimmwagikia.

Mvua ilinyesha kwanza huko juu, si Tinde. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na mbingu nyeupe na upepo wenye harufu ya udongo, na watu wakaanza kukimbilia mtoni. Manonga ilikuwa inakuja. Ilikuja na povu mbele, na matawi, na kandambili, na mzoga wa mbuzi, ikila mchanga polepole kwanza, kisha kwa pupa. Jamnaben alifika wakati maji yanaigusa miiba. Ilitikisika, ikainuka, ikazunguka mara moja kama inayotafuta njia, ikaenda. Shimo likafunguka, likajaa, halikuonekana tena.

Hapo alitakiwa mwana mkubwa aseme maneno. Mwana mkubwa alikuwa Uingereza. Kuhani wa karibu alikuwa Mwanza, na mwanamke, kwa desturi, hukaa nyumbani siku kama hiyo. Jamnaben aliifikiria desturi hiyo kwa muda mfupi sana. Kisha akaingia majini, hatua kwa hatua, Mbuke akiwa nyuma yake ameshika pindo la sari asije akachukuliwa.

Maneno ya kuhani hakuyajua. Aliyajua majina ya mito saba, ambayo mama yake aliyataja kila asubuhi alipojimwagia maji ya kuoga, akiiita mito mitakatifu yote ije katika ndoo moja. Akaiita. Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu, Kaveri. Wengine huitaja kwa unyenyekevu. Yeye aliiita kama mtu anayewaita watu waliochelewa kazini, kwa hasira yake yote ya miezi hiyo.

"Unawaita akina nani?" Mbuke akamuuliza.

"Mito ya kwetu. Ije imchukue."

"Mbona siioni?" akasema Mbuke. "Anayemchukua ni huyu. Yeye umemtaja?"

Jamnaben hakuwa amemtaja. Alisimama na maji yakimvuta magotini, na kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya sanduku na kamba, hakuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa yeye mwenyewe. Akageuka, akaingia mpaka maji yakamfika mapajani, akaanza upya majina yote, na la kwanza kulitaja lilikuwa Manonga.